Gauni la Sikukuu Lililogeuzwa

Nikikuhadithieni hii msinicheke mpaka nimalize, maana hadi leo nikisikia spika inakoroma uwanjani natafuta pa kuuficha uso. Mimi Rukia, mwenyekiti wa mchango (nilijichagua mwenyewe, wenzangu walikubali kwa kuchoka kubishana), ndiye niliyemwaibisha mtoto wa watu siku ya sikukuu, tena mbele ya nusu ya Chake Chake.

Tulikuwa kidato cha tatu. Mwezi wa Ramadhani darasa letu liliamua kuwachangia nguo za Idi mayatima wa chuo cha Kurani cha pale Madungu, wadogo wadogo, na mnajua kwetu mtoto asiye na nguo mpya siku hiyo hatoki, anachungulia dirishani wenzake wanavyopita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi. Tukauza katlesi na bajia kila alasiri, watu wakatuunga mkono, wengine wakatoa wala wasichukue kitu. Mpaka hapo, wallahi, tulifanya jema.

Nilianza kuharibu dukani, Wete. Mwenye duka alikuwa na jora zima la kitambaa cha manjano chenye maua mekundu makubwa kama sahani, akatwambia tukilichukua lote atatupunguzia. Mwenzangu Nassor akasema tuchanganye, kila mtoto awe na chake. Nikamkata kauli, nikamuuliza harusi gani ya Pemba isiyo na sare, mama zetu wakivaa sare si ndio wanapendeza, basi na hawa watapendeza vivyo hivyo na picha itatoka nzuri (picha ndiyo iliyokuwa moyoni mwangu, niseme kweli). Jora likashonwa, wasichana magauni, wavulana mashati, na kilichobaki, kwa busara zangu, nikatandika meza yetu ya kuuzia.

Idi pili tukaiweka meza ile kwenye kiwanja cha sikukuu tuzidi kuchangisha, safari hii kwa ajili ya mikoba ya skuli ya watoto walewale. Wakaanza kuingia. Mmoja yuko kwenye pembea, wawili kwenye aiskrimu, ukitupa jicho tu unawajua, na watu nao wanawajua, wanaonyeshana kwamba wale ndio wale wa mchango. Nikamsikia mvulana mmoja anamuuliza mmoja wao kama kavaa kitambaa cha meza. Hapo ningejikalia kimya. Lakini niliona watu wamejaa, nikakamata kipaza sauti, nikawaita watoto wetu waje mbele waliowachangia wawaone.

Walikuja mmoja mmoja, vichwa chini, nikadhani ni haya za watoto tu. Akapungua Salma, wa miaka saba, anayelelewa na bibi yake, Bi Time. Nikamwona nyuma ya pembea, gauni kalivaa ndani nje, mishono yote hadharani na nyuzi zinaning'inia. Nikacheka, kwenye kipaza sauti, nikamwambia njoo mama, nani kakuvisha hivyo, na uwanja mzima ukacheka pamoja nami. Nikamfuata hadi pale, nikapiga magoti, nikamwekea kipaza sauti mdomoni ajibu.

"Nimelivaa miye mwenyewe," alisema. "Nimeligeuza makusudi, wasinijue."

Spika ilikuwa nzuri siku hiyo, hakuna aliyekosa kusikia. Kicheko kikakatika. Nikasema ahsanteni, sijui nilikuwa namshukuru nani. Salma akaanza kulia, na Bi Time akapenya katikati ya watu, hakunitukana (ningependa anitukane), akavua kanga yake ya juu akamfunika mjukuu wake.

"Mungu akulipeni kwa nguo, mwanangu," aliniambia. "Lakini leo ilikuwa sikukuu yake."

Wakaondoka, na sikukuu ya mtoto yule ikaishia pale. Nikabaki kutandua meza, maua yale mekundu yananitazama, na nikafahamu kitu ambacho Nassor alikiona tangu dukani: sare ya harusini unaivaa kwa sababu umealikwa, na ile yangu ilitangaza tu nani hana baba. Nassor mwenyewe hakunisuta, alinisaidia kubeba meza, na hilo liliniuma zaidi. Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Bi Time alinisamehe, akanipa chai na mkate wa kumimina. Salma hakutoka chumbani.

Mwaka uliofuata tulichangisha tena, lakini walezi tuliwakabidhi fedha kimyakimya wakawachagulie watoto wao wenyewe, na mimi nikaomba kazi ya kukaanga bajia. Idi pili nilizunguka kiwanja kizima kuwatafuta watoto wetu, nisimtambue hata mmoja, nikafurahi peke yangu. Mpaka mtoto mmoja mwenye gauni la buluu akasimama mbele yangu na aiskrimu yake. Alikuwa Salma. Nikamsalimia. Alinitazama usoni, halafu akaitazama mikono yangu, mmoja kisha wa pili, ahakikishe sikushika kipaza sauti.