Ubeti wa Tatu

Kila ninaposikia harufu ya vumbi lililopata joto, naikumbuka redio yetu ya Keko, enzi za Mwingereza. Mama aliifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, ungedhani bibi harusi. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo Baba, karani wa bandarini, aliifungua usiku tu, wakati wa nyimbo walizochagua wasikilizaji.

Mama alikuwa na wimbo wake mmoja, wa udi na fidla, kuhusu binti anayeagana na mama yake. Aliuimba akichambua mchele, na kila mara aliishia ubeti wa pili, maana wa tatu hakuwahi kuushika. Ilimkera kweli. Mwishowe akatuma kadi kuuomba, tukaanza kusubiri.

Usiku mmoja mtangazaji akalisoma jina lake. Mama akajitanda khanga vizuri kama aliyejiwa na mgeni. Ukapita ubeti wa kwanza, ukapita wa pili. Hapo kilio kikapasuka nyumba ya jirani, kwa Bi Zuhura, ambaye mumewe alikuwa akiugua muda mrefu. Kabla Baba hajanyoosha mkono, Mama alikwisha kuizima redio na kuishushia kitambaa.

"Mama, ubeti wako," nilimwambia huku machozi yakinitoka.

"Mwenzetu kafiwa, mwanangu. Hatuwezi kufungua redio yeye analia."

Akatoka kwenda kwa Bi Zuhura. Mimi nilibaki nikikitazama kile kitambaa. Nilimkasirikia marehemu, nisiwafiche; niliona angeweza kungoja wimbo uishe. Redio ilikaa kimya mpaka arubaini. Ilipofunguliwa tulisubiri usiku baada ya usiku, na wimbo ule hatukuusikia tena. Mama aliendelea kuimba beti zake mbili, kisha anagunaguna mahadhi tu mpaka mchele unakwisha.

Alifariki uzeeni, katika nyumba ileile. Kilio chetu kilipotoka, mjukuu wa Bi Zuhura alikuwa amefungua redio kwa sauti kubwa. Wimbo ukakatika katikati. Ikazimwa ya nyumba inayofuata, na ya mafundi seremala ng'ambo ya barabara, mpaka mtaa wote ukanyamaza kwa ajili yetu.

Miaka yote nilihesabu kwamba Mama alinyang'anywa wimbo wake. Kumbe aliutoa mwenyewe, akampa Bi Zuhura. Nilikaa kizingitini nikalia. Ubeti wa tatu siujui mpaka leo.