Aliye Hai Hujiitikia

Maji ya kuoshea kahawa yananuka kama mzoga, na miaka yote pale Quebrada Seca tuliyamwaga mtoni bila haya. Domitila Vásquez na jirani yake Fausto Gámez ndio waliochimba vidimbwi chini ya kiwanda cha ushirika, wakavijaza matete na nyungunyungu ili vichuje ule uchafu. Watu walicheka mbavu ziwaume. "Domitila anafuga minyoo!" Kaa waliporudi mtoni, waliocheka ndio waliotangulia kuja kuvua.

Kisha wakaja watu wa mgodi, wakaitaka chemchemi ya juu. Fausto, na kikohozi chake cha tumbaku, akawafungia lango la njia ya huko. Alipigwa risasi palepale langoni, mchana kweupe, na mpaka leo hakuna aliyeona kitu. Tangu hapo kila mkutano wa ushirika huanza kwa kuita jina lake, na ukumbi mzima hujibu, "Yupo!" Ndivyo tunavyowaitikia wenzetu waliouawa. Aliye hai hujiitikia mwenyewe: "Nipo."

Habari za tuzo zilitoka Ulaya, tuzo ya dunia nzima kwa waliopata dawa ya kuponya mito na ardhi. Masharti yake ni kwamba hapewi marehemu. Basi likabaki jina moja. Mzee Anselmo, mwenyekiti, alisimama, akatangaza kwa sauti yake ileile ya siku zote:

"Domitila Vásquez!"

"Yupo!" ukumbi ukaitika.

Mazoea yana taabu. Midomo ilitangulia, akili ikafika baadaye na kukuta maji yamekwisha mwagika. Rutilia, mjane wa Fausto, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mna wazimu nyie? Huyu bado anakula tortilla, tena za kwangu!"

Watu wakacheka, lakini cheko la woga. Domitila hakucheka. Kuanzia siku ile hakupita kwenye lile lango bila kugeuka nyuma, na pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba yake, alikimbilia kutia komeo mlangoni.

"Siendi, komadre," alimwambia Rutilia. Waliitana hivyo kwa kuwa Domitila ndiye aliyemsimamia mtoto wa Rutilia ubatizo. "Jina likisikika mbali, linasikiwa na wabaya pia."

Rutilia aliendelea kukanda unga wa mahindi wa tortilla. "Na usipoenda, risasi itapotea njia? Fausto alikuwa na tuzo gani?"

"Wameniitikia kama maiti, Rutilia!"

"Basi nenda ukajiitikie. Sema 'Nipo', ulimwengu usikie. Mwenzio hakupata nafasi hiyo."

Akaenda Ulaya, na viatu vya kuazima. Njia nzima alilirudia lile neno, nipo, nipo, kama mtoto aliyetumwa dukani. Ukumbi wa tuzo ulikuwa na taa kali zilizomchoma macho. Jina lake lilipoitwa alisimama, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Watu wakapiga makofi, na katikati ya makofi hayo, nyuma ya bega lake, sauti nzito yenye kikohozi cha tumbaku ikasema taratibu:

"Yupo."

Aliijua sauti hiyo. Hakuthubutu kugeuka.

Aliporudi, Rutilia alimdaka kabla hajashusha mzigo. "Ulijiitikia?"

"Niliitikiwa."

"Na nani?"

Domitila aliomba maji ya kunywa. Tangu lini mtu akamwambia mjane jambo kama hilo?

Mkutano uliofuata, Mzee Anselmo aliita, "Fausto Gámez!" Ukumbi ukajibu kama kawaida. Kisha, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuungua, akaita, "Domitila Vásquez."

Safari hii wote walifumba midomo, wakamgeukia wakimngoja. Rutilia alimkanyaga mguu chini ya benchi. Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Domitila, lakini hakulitoa. Aligeuza sikio kuelekea mlangoni kwanza, asikilize kama kuna atakayemtangulia.