Chujio Jekundu la Kaka Yangu

Kaka yangu alibadilisha chujio la hewa la gari langu bila kuniuliza. Naanza hapo kwa sababu kila nikisimulia habari hii mbele ya ndugu, hakosekani mtu wa kunikatiza: "Lakini alikuwa na nia njema." Nia njema haikufungwa kwenye injini yangu. Kilichofungwa ni kitu chekundu chenye umbo la pia ya watoto, kina matundu kama chekecheke, kimepakwa mafuta mpaka yanang'aa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Same. Gari langu ni dogo, la mtumba, na nililinunua kwa sababu moja tu: mama anaishi Mamba, juu milimani, katikati ya migomba na tangawizi zake, na hataki kushuka kuja kukaa nami. "Same watu mnaokwa kama mikate," huwa anasema. Basi mimi ndiye ninayepanda. Mwisho wa juma napita Kisiwani kwenye tambarare, halafu naikamata milima. Kaka ni mkubwa wangu kwa miaka sita, anaishi Dar es Salaam, na mama humwona Desemba, kama Wapare wengi wa mjini wanavyoonekana kwao Desemba.

Desemba ile aliazima gari langu akaenda nalo Moshi kutwa nzima. Aliporudi nililisikia kabla sijaliona. Lilikuwa linanguruma kama pikipiki iliyotobolewa ekzosi. Akashuka akicheka.

"Fungua boneti uone zawadi yako," akaniambia.

Nikafungua. Chujio la kawaida la gari ni karatasi iliyokunjwakunjwa, imekaa ndani ya boksi la plastiki, na boksi lina bomba linalochungulia mbele karibu na taa ili livute hewa ya nje iliyopoa. Vyote hivyo havikuwepo. Ile pia nyekundu ilikuwa imening'inia wazi, pembeni mwa injini, ikivuta joto lote la chini ya boneti.

"Kaka, boksi langu liko wapi?"

"Kwenye buti. La nini lile? Linalibana gari. Sasa linapumua. Hata pale kwenye kona za kupanda Mamba utaona tofauti, nguvu imeongezeka."

"Umepima?"

"Kupima nini? Si unasikia?"

Hapo ndipo ualimu uliponipanda. Nikamwambia twende tukapime. Asubuhi iliyofuata tulishika barabara kuu ya lami upande wa Hedaru, tukatafuta kipande kilichonyooka kisicho na magari. Yeye aliendesha, mimi nikashika simu yenye saa. Kutoka kusimama hadi mwendo wa themanini, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi. Kisha tukaegesha kwenye kivuli, tukarudisha boksi la zamani kwa bisibisi, tukarudia yote. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Nikaandika kila kitu nyuma ya bahasha.

Hakukuwa na tofauti. Kama ilikuwepo, ilikuwa ya kupendelea boksi la zamani, tena ndogo kiasi kwamba ningemnyima mwanafunzi alama kama angeitaja. Nikamweleza kaka kwa upole, maana nilikuwa bado na upole. Kwenye gari la mtaani anayezuia hewa isiingie kwenye injini ni dereva mwenyewe. Ukikanyaga mafuta nusu, mlango wa hewa unafunguka nusu. Kuweka chujio la matundu makubwa mbele yake ni kupanua geti la shamba wakati mlango wa nyumba ni uleule. Tena waliotengeneza gari walishapima ile karatasi, inapitisha hewa yote ambayo injini yangu ndogo inaweza kuimeza.

Akaitazama ile bahasha kama mtu anayetazama barua ya lugha ngeni. "Wewe na hesabu zako," akasema. "Lakini sikia sauti!"

Kosa langu lilianzia hapo, nami sitalificha. Ushahidi nilikuwa nao mkononi, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilichotakiwa kusema ni neno moja: liache boksi lilipo. Lakini alikuwa ameanza kununa, na mama alikwisha kumsifu mbele ya jirani kwamba mwanawe kamtengenezea dada yake gari. Nikaona haya kumvunjia heshima. Nikamwacha akairudisha ile pia yake nyekundu, na mafuta mengine akaiongezea, mpaka ikawa inadondosha. Alipoondoka kurudi Dar es Salaam, boksi langu aliliondoa kwenye buti. Nilipompigia kuuliza, alisema kampa rafiki yake. Boksi la gari langu! Kampa rafiki yake!

Januari na Februari huku ni kiangazi cha kukausha mate. Vumbi la njia ya Kisiwani ni jekundu, laini kama unga wa mchele, na lori moja likipita linaacha ukungu unaokaa hewani mpaka jingine lije. Nilipita humo kila wiki na ile chekecheke. Sauti ikaanza kubadilika, taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Nikawa nasema nitampelekea fundi wiki ijayo.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mwezi ule wa pili madaktari wa macho walikuja mjini kwa siku chache, na mama akaandikishwa kufanyiwa upasuaji siku ya mwisho. Tuliambiwa tuwe pale kabla ya saa tano asubuhi. Kwa kuwa jana yake nilikuwa nasimamia mtihani, nilipanga kupanda alfajiri, nimchukue, nishuke naye. Safari ile nilikuwa nimeizoea, na nilijua muda unatosha na kubaki.

Tambarare nilipita vizuri, ingawa nyuma ya malori mawili. Kwenye mlima ndipo gari liliponigeuka. Nakanyaga, linanguruma tu, haliendi. Likaanza kumisi, likajikwaa, taa ya injini ikawaka na safari hii haikuzima. Kelele ilikuwa tele, nguvu hakuna. Nikasimama, nikalizima, nikaliwasha, likapanda kona mbili, likazima lenyewe. Mara ya tatu likagoma kabisa kuuvuta mlima. Nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikasimama barabarani, nikawa nazungumza peke yangu na kaka yangu, kwa maneno ambayo sitayaandika.

Bodaboda aliyekuwa anapanda na magunia matupu ya tangawizi alinichukua. Nilimkuta mama amekaa kizingitini, kavaa kitenge chake cha kanisani, mkoba mapajani, uso kauelekeza njiani ingawa njia yenyewe haioni.

"Mbona sikusikia gari?" akauliza.

"Limekwama huko chini, mama."

Sikuwa na njia nyingine. Nilimpandisha mama yangu, mzee wa zaidi ya miaka sabini asiyeona vizuri, kwenye bodaboda, kati ya dereva na mimi, tukashuka kona zote zile. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zake zikaacha alama. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisali kwa Chasu, lugha yetu Wapare, taratibu, sala ileile, mpaka tulipofika kwenye gari.

Kuteremka gari lilikubali, maana hata jiwe linateremka. Kwenye tambarare lilijivuta kwa mwendo wa baiskeli. Tulifika hospitali saa saba na nusu. Muuguzi wa zamu alikuwa anakusanya makaratasi.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama kwa heshima, kisha akanigeukia mimi. "Tulisubiri, mwalimu. Tuliita jina lake mara tatu. Madaktari wamemaliza, wanafunga vifaa."

Sikumlaumu. Nafasi ya mama alikuwa amepewa mwingine, na ndivyo inavyopaswa. Nikamrudisha mama kwenye gari, nikakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha.

"Kwani gari lina nini?" mama akauliza.

"Lina zawadi ya mwanao."

"Usimseme ndugu yako barabarani," akasema.

Kesho yake nililisukumiza hadi kwa fundi wangu, mtu mzima mwenye gereji kando ya barabara kuu, ambaye hufunga kazi kila sala ikifika na hawezi kuharakishwa na mtu. Alifungua boneti, akatazama, akaguna. Akalegeza kishikio, akaing'oa ile pia nyekundu. Kisha akachukua kitambaa cheupe, akakizungusha kidoleni, akakiingiza ndani ya bomba, upande ule ambao hewa ilipaswa kuwa imeshachujwa. Kilitoka chekundu. Akakigeuza, akaingiza tena. Kikatoka chekundu.

"Hili ni vumbi la Kisiwani, mwalimu," akasema. "Limeingia mpaka moyoni."

Akanionyesha sensa, kijidude chembamba kama unywele kinachopima hewa inayoingia ili injini ijue imwage mafuta kiasi gani. Kilikuwa kimegandwa na utandu, mafuta ya kaka yangu yaliyochanganyika na vumbi. Injini ilikuwa inadanganywa, ndiyo maana ilikuwa inakosea.

"Nani kakushauri?"

"Kaka yangu."

"Mwambie hiki ni kitu cha mashindano. Wale wa mashindano injini wanaifungua kila mara, vumbi likiingia kwao si neno. Wewe unafungua injini kila mara?"

"Hapana."

"Basi wewe funga karatasi. Ikichafuka itupe, weka nyingine. Hakuna zaidi."

Alisafisha sensa, akanitafutia boksi kutoka kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya gereji, akaweka karatasi mpya. Gari likatulia siku ileile. Lakini akaniambia niangalie ekzosi asubuhi. Nikaangalia. Linatoa moshi wa buluu mpaka leo, na nalitilia oili kila mara kama ninayenywesha ng'ombe. Vumbi lilikuwa limeshakwangua ndani, na mkwaruzo wa ndani ya injini hausafishwi kwa kitambaa.

Nilimpigia kaka jioni ile. Nilimweleza yote, bodaboda, kona, jina lililoitwa mara tatu. Akasikiliza. Kisha akasema, "Chujio uliliosha? Yale yanaoshwa na kupakwa mafuta maalumu. Wewe hukulitunza."

Nilikata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa wangu maishani.

Mama alirudi Mamba kusubiri nafasi nyingine ya upasuaji. Mwezi wa nne, anamimina maji ya chai, akakikosa kikombe, maji yanayochemka yakamwagikia mguu wake wa kulia. Jirani ndiye aliyemkuta. Wiki tatu nilikuwa nikimbadilishia bandeji, na kila nilipoifungua ile ngozi iliyobabuka niliisikia sauti ya kaka, "Hukulitunza." Mjomba alikuja kumpa pole, akaniambia maji ya moto ni maji ya moto, hayana uhusiano na chujio. Nikamuuliza: angekuwa anaona, angekikosa kikombe? Akaomba chai.

Upasuaji ulifanyika Julai, huko Moshi, jicho moja kwanza. Kaka alikuja na gari lake kubwa. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa benchi moja bila neno la tatu. Walipomfungua mama bandeji, alinitazama muda mrefu.

"Umezeeka," akaniambia.

Akamtazama kaka. "Wewe umenenepa." Kisha akainamisha uso, akautazama mguu wake. Hakuwa ameliona kovu lile mpaka siku hiyo, alikuwa akilipapasa tu. Akaliangalia, akalifunika kwa kitenge.

Kaka naye aliliona. Nilingoja. Niliamini kabisa kwamba sasa atasema samahani, hata kwa Chasu, hata kwa kunong'ona. Akakohoa, akasema atakwenda kulisogeza gari mlangoni.

Mama alipanda gari la kaka, kwa kuwa viti vyake ni laini na mguu unanyooka. Sikumlaumu. Mimi nikafuata nyuma na moshi wangu. Gari lake nalo lina ile pia nyekundu, nililisikia tangu lilipowashwa. Tulipoiacha lami akaongeza mwendo, na vumbi lake lote nikalila mimi, vioo nimevifunga, jasho likinitiririka. Ningeweza kumpisha aende mbele zaidi. Sikutaka.

Nilipofika Mamba walikuwa wameshakaa. Mama alikuwa uani, kashika jani la tangawizi, analigeuzageuza karibu na jicho lake jipya. Kaka alikuwa anakula makande.

"Pole na vumbi," akaniambia.

Nikamwambia boksi langu nalitaka, lilelile alilompa rafiki yake, na alilete mwenyewe kwa mkono wake. Akaacha kutafuna. Mama, bila kugeuka, akasema, "Mletee."

Bado hajaleta.