Lenzi ya Uso Mmoja

Vagheni alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Beu, mjini Beni, na mwaka ule wa 2002, watu walipomiminika kutoka msituni wamejitwisha magodoro, yeye alikuwa na kamera isiyo na jicho. Kamera yenyewe ilikuwa nzima. Lenzi ndiyo iliyokufa, kwenye kizuizi cha barabara ya Butembo, mikononi mwa askari aliyetaka kuhakikisha kwamba hiyo si simu ya setilaiti. Aliizungusha mpaka ikachomoka, ikamponyoka, ikaanguka juu ya mawe. Kisha akamrudishia Vagheni vipande vyake kwa adabu kabisa, akamtakia safari njema.

Kamera hiyo ilikuwa ya Mgiriki mmoja, mnunuzi wa kahawa, aliyeondoka Butembo wakati askari walipopora maduka. Ilikuwa na tabia yake. Mwenye kuitumia hakuchungulia ndani ya lenzi. Alichungulia kidirisha cha juu, ambamo uso wa mtu ulionekana mara mbili, na kazi ilikuwa kuzungusha lenzi polepole mpaka zile sura mbili ziingiane ziwe moja. Hapo ndipo anapobonyeza. Vijana wenye kamera za plastiki walimcheka, wakasema yeye hupiga picha moja wakati wao wamemaliza filamu nzima. Vagheni alitia pamba masikioni.

Aliyemtafutia lenzi nyingine alikuwa Jamali, Mwislamu wa hapo hapo Beni, mwuza redio na vipuri, ambaye malori ya ndugu zake yalikuwa bado yanathubutu kwenda Kampala. Lenzi mpya hazikuzungumzwa. Watu wa kununua lenzi mpya hawakai Beu. Jamali alirudi na tatu kuukuu, zimefungwa ndani ya soksi, akazipanga juu ya meza ya duka, akamwita Vagheni kwa jina la bintiye.

"Papa Shekinah, chagua. Lakini moja tu. Zile zingine kuko batu ya Bunia banazingojea."

Alimruhusu hata kuzijaribu kwa filamu moja, na kichwa cha Jamali mwenyewe ndicho kilichokuwa cha majaribio. Ya kwanza ilikuwa fupi na safi, yenye kuona upana: ua mzima, bibi arusi, wajomba wote na mbuzi wao. Ya pili ilipendeza kwa nje, lakini Vagheni alipoielekeza juani aliona nyuzi nyeupe zimetanda ndani ya kioo, ukungu ule wa nchi za mvua, akairudisha kwenye soksi. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya Kirusi, ina mkwaruzo mbele ambao hata mtoto angeuona. Mkwaruzo haukumtisha. Mkwaruzo wa nje huharibu kidogo tu. Ukungu wa ndani hula picha yote. Ubaya wake ulikuwa mwingine: haikuelewana na kidirisha. Ukilenga macho, kilichotoka kikali kilikuwa sikio, nyuma kidogo ya pale ulipotaka. Na haikuweza kuona watu wengi. Iliona uso mmoja na mabega yake.

Mtu mwenye akili timamu angechukua ile fupi. Picha zilizomlisha Vagheni zilikuwa za arusi, za ubatizo, za kwaya. Akachukua ile ndefu, na Jamali akamtazama kwa huruma anayotazamwa nayo mgonjwa.

Sababu yake ilikuwa Julie, mwalimu wa mtaani. Muda mfupi kabla ya hapo Julie alikuwa amemletea picha ya arusi ya watu wengine, ambamo mume wake alisimama ukingoni kabisa, kichwa chake hakizidi punje ya haragi. Mume huyo alikuwa ameuawa upande wa Eringeti, na kwa watu wa Beni jeneza halikwenda kaburini bila uso: picha ya marehemu hutangulia, imeshikwa kifuani, ndipo sanduku lifuate. Vagheni alikuza alichoweza. Kikatoka kitu chenye macho mawili ya mchanga na mdomo wa mtu yeyote. Julie alishukuru. Lakini mtoto wake alipoiona alisema, "Huyu hapana papa," akakataa kutembea nyuma yake. Neno hilo lilimwingia Vagheni na halikumtoka. Vita ilikuwa inachukua watu. Aliona ni aibu ichukue na nyuso zao, ilhali mpiga picha yupo.

Florentine, mke wake, hakuwa na subira na hayo.

"Papa Shekinah, mutu ya kuikala mbele yako peke yake utamupata wapi? Foto ya mutu moja ni foto ya musalaba. Batu banaogopa."

Alisema kweli tupu. Tangu vita isogee, picha ya mtu mmoja ilikuwa imeonekana mahali pamoja tu, mbele ya majeneza, na watu wakashika kwamba kukaa peke yako mbele ya kamera ni kujipeleka kaburini. Walikuja wawili wawili, wanne wanne, wakaambiwa lenzi inakata vichwa vya pembeni, wakaenda zao kwa vijana wa plastiki. Nyumbani wakaanza kula mara moja kwa siku. Na mwoga kuliko wote alikuwa Florentine mwenyewe. Picha za arusi yao zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba yao ya zamani ya Eringeti, na Vagheni hakutamani kitu duniani kama kuupata uso wa mke wake kwa lenzi ile, mchana kweupe, akiwa hai na mwenye maneno yake. Alimwomba kwa utani, akamwomba kwa kununa.

"Mimi hapana," alisema Florentine, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Lakini ni yeye huyo aliyeiokoa kazi. Alikuja mama mmoja wa Vuhovi, akakaa kwenye kiti, akasimama, akakaa, akasimama tena. Florentine alitoka jikoni akipangusa mikono, akasimama pembeni nyuma ya kiti, pale lenzi isipoweza kumwona, akamwekea mgeni mkono begani.

"Ona, mama. Foto ya musalaba haina mukono ya mutu mwingine. Basi wewe hauko peke yako."

Yule mama akatulia, na uso wake ukatoka na kila kunyanzi lake.

Habari ikatembea. Watu wakaja na mikono yao wenyewe, mume nyuma ya mke, dada nyuma ya kaka. Waliokuja peke yao kwa sababu vita haikuwaachia mtu waliazimwa mkono wa Florentine. Ulikuwa mkono mpana wa mkulima, na kidole cha shahada kilipinda tangu jembe lilipomkata. Baadhi ya nyuso hizo zilitangulia majeneza kweli. Siku hizo ndugu walimwomba Vagheni akuze uso na kuutoa mkono nje ya karatasi, maana hawakutaka aliye hai asindikizwe kaburini, naye alifanya hivyo. Hakuna mtoto aliyekataa tena kutembea.

Hata Adèle, mama yake Vagheni, alikubali mwishowe. Alikaa kitini akicheka kwa hofu na kutikisa kichwa, mkono wa mkwewe begani. Kwa lenzi ile Vagheni alikuwa amejizoesha, baada ya kulenga, kurudi nyuma kidogo kabla ya kubonyeza. Siku hiyo, kwa kuchekeshwa, alisahau. Uso wa mama ukatoka na weupe wa mvuke, na kilichotoka kikali ni mkono: kila ukucha, kila mkunjo, hata uzi wa kitambaa chini ya vidole. Akataka kuirudia. Adèle akasema hapana, asante, wasingya, imetosha, hakai tena.

Kisha maharagi yakakomaa katika shamba lao la Eringeti, na ikasemekana njia imetulia. Florentine akajifunga kitenge aende na wanawake wenzake.

"Na batu bakikuja kesho?" Vagheni alilalamika. "Nitabapatia mukono ya nani?"

"Yako. Si uko nayo mbili?"

Akacheka, akaondoka. Njia haikuwa imetulia. Walimrudisha kwa baiskeli, na waliomrudisha hawakutaka ndugu wafunue kitenge. Sanduku lilipigiliwa misumari siku hiyo hiyo.

Vagheni alilia kwa sauti mbele ya watu wote, bila kujificha. Halafu akaingia chumba cha giza kuutafuta uso. Alipekua kila filamu aliyokuwa nayo. Picha aliyoipata ilikuwa moja, ya kwaya, na humo Florentine alikuwa safu ya nyuma, ameinamia mtoto wa mtu. Akaukuza uso huo. Ukawa mchanga, ule ule aliompa Julie. Shekinah, binti yao, alikuwa bado anabebwa mgongoni, na huyo angekua akimtafuta mama yake katika mchanga. Hasira ikampanda, juu ya lenzi, juu yake mwenyewe, hata juu ya marehemu na kichwa chake kigumu.

Adèle aligonga mlango, akaingia na ile picha yake mkononi.

"Mutoto yangu, kuza hii."

"Mama, hii ni wewe."

"Mimi unitoe. Acha mukono."

Vagheni alimwangalia mama yake, aliyeogopa kiti kile kuliko bunduki. Kusindikiza marehemu na picha ya mtu aliye hai ilikuwa ndiyo hofu yenyewe ya mji mzima, na bega lile chini ya mkono lilikuwa la Adèle.

"Mama, bega yako itabakia mule. Hauogope?"

"Alinishika siku niliogopa," alisema Adèle. "Mimi nitamuogopa yeye leo?"

Basi akaiwasha mashine ya kukuzia picha, akaipandisha, na uso wa mama yake ukatoka nje ya karatasi kidogo kidogo, kwanza macho, kisha mdomo, kisha kidevu. Karatasi ilipolala kwenye dawa, vidole vikaanza kuonekana, na kile kilichopinda kikatokea kabla ya vingine. Adèle aliketi karibu yake mpaka ikakauka.

Julie ndiye aliyeomba kuibeba. Jeneza likapita Beu likitanguliwa na picha ya mkono, na barabara yote hiyo, mpaka makaburini, hakuna mtu aliyeuliza ni wa nani.