Diski ya Mzee Magesa

Cheka kwanza, maana wote hucheka, halafu unisikilize. Haya niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, dukani kwangu pale Mkuyuni, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi yetu haina mashetani. Kitu kikigoma kuna sababu, na sababu hutafutwa mpaka ionekane. Ndivyo nilivyoamini.

Ilikuwa miaka ile biashara zimeachiwa huria, kila mwenye shemeji Dubai analeta kompyuta. Rebeka, mwalimu wa shule moja ya Pasiansi, alinijia na kompyuta mpya ya mezani pamoja na diski ya nje ya marehemu baba yake, kasha zito lenye waya wake wa umeme, la kuchomekwa nyuma kwenye tundu la printa. Ndani yake mlikuwa na kamusi ya Kijita, lugha ya kwao, kazi ya maisha yote ya Mzee Magesa, na nakala nyingine haikuwapo popote. Kompyuta ya mzee ilishaungua. Diski nayo ilikuwa imeanza kukwaruza, na Rebeka alitaka kamusi ihamie kwenye kompyuta mpya kabla diski haijafa. Baba yake walikuwa wamemzika juzijuzi tu kijijini Majita.

Nikadhani ni kazi ya kufanya huku nakunywa chai. Wapi! Kila herufi ya kamusi ilikuwa na faili lake, na faili moja tu, kitu kidogo, lilikula asubuhi nzima. Nikabadilisha waya. Nikang'oa printa iliyokuwa ikigombea tundu hilohilo. Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, nikakuta tundu limewekwa mwendo wa kizamani, nikalipa mwendo wa kisasa, nikajisemea nimemkamata mchawi. Diski ikazidi kukokota. Nikachomeka ya kwangu palepale, ikaenda mbio. Nikarudisha ya mzee, kobe. Sasa hapo wewe ungesema nini? Nikawa nafungua duka alfajiri, natembea kutoka mlangoni hadi mezani, narudi mlangoni, nikiitazama tu ile kompyuta.

Alasiri moja akaingia mzee. Joto lilikuwa kali, naye kavaa koti zito, vifungo vimepishana, upande mmoja wa kola umepanda shingoni. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia, nikidhani masikio ni mazito. Akasimama nyuma yangu akisoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Umefika herufi gani?"

"D, mzee wangu. Naimalizia."

"Ishie hapo. Nyumbani bado wamekaa."

Nikainama kumvutia kiti. Nilipoinuka, hayupo. Mama muuza nyanya aliyekaa mlangoni pangu akaniapia kwamba hakuona mtu akiingia wala akitoka.

Rebeka alipokuja jioni ile nikamsimulia, nikitegemea tucheke. Nilipofika kwenye vifungo, akakaa chini sakafuni.

"Baba mdogo ndiye aliyemvalisha baba koti lile la kuzikiwa," akasema. "Tuliona wakati wa kuaga kwamba vifungo vimepishana. Hakuna aliyethubutu kumgusa."

Ndipo akanieleza, huku analia, kwamba matanga yalikuwa hayajaondolewa. Kwao kitu cha marehemu hakitoki nyumbani mpaka ukoo ukae, mrithi atajwe, na kila kitu kikabidhiwe mbele ya watu. Yeye alisikia diski inakwaruza, akaogopa, akaichukua ndugu wakiwa wamelala. Nani angemlaumu? Hata mimi ningeichukua.

Akairudisha Majita. Matanga yakaondolewa, ukoo ukamkabidhi, akaniletea tena. Waya uleule, tundu lilelile. Chai yangu haijapoa, kazi imekwisha. E mpaka mwisho, kila neno mahali pake.

Lakini A mpaka D, zile nilizozivuta kwa nguvu, zilikuwa tupu. Tupu kwenye kompyuta, tupu kwenye diski. Niamini, nilinakili, sikuhamisha. Fundi yeyote atakwambia kwamba mafaili ya asili yalipaswa kubaki kwenye diski. Nilitafuta mpaka macho yakaniuma. Nilisikia uchungu ambao sijausikia kwenye kazi nyingine yoyote.

Kamusi ilichapwa hivyohivyo, inaanza na E. Kila likizo Rebeka huenda Majita kuwauliza wazee maneno ya herufi zile, na amepata mengi. "Ila kuna mengine," aliniambia, "baba aliyasikia kwa watu ambao nao wameshakufa."

Tangu hapo sina raha. Diski ya mteja ikipunguza mwendo, nageuka kwanza kutazama nyuma yangu, ndipo nakagua waya. Na wewe, ukifiwa, utasikia kitu cha marehemu kinakwaruza chini ya kitanda, na moyo utakwambia kimbia nacho kwa fundi. Usikimbie. Keti na wenzako mpaka wakukabidhi. Kama kitakufa kabla ya hapo, kiache kife, maana hata ukiwahi, huenda ukafika na kasha tu.