Mtoto wa Mbwa Asiyelia

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua bado hunikosesha utulivu. Hunirudisha kwa jirani yetu, mama amechuchumaa, akifinya masikio ya watoto wa mbwa mmoja mmoja. Mimi nilimtaka yule mweupe aliyepiga kelele kuliko wote.

“Mama, huyu ndiye atatulinda!”

“Huyu atawaonyesha baba yako alipo,” akasema, akamrudisha.

Siku hizo askari wa Mjerumani walikuwa wakikamata wanaume wakajenge boma, na baba alikuwa amejificha migombani kwetu.

Tukamchukua yule aliyefinywa akanyamaza. Nilimlea kwa maziwa, na kila alipotaka kubweka nilimziba mdomo kwa kiganja.

Hadi leo, mbwa akibweka popote, mkono wangu huinuka wenyewe.