Kopo Nyuma ya Gunia la Mchele

Kila asubuhi mama mkwe wake Chizuru huinamisha sikio juu ya sufuria. Mwani na samaki mkavu wakishatoa utamu, huzima moto kwanza, ndipo aivuruge miso, ile rojo ya soya, ndani ya upawa, taratibu, kama anayemwogesha kichanga. Miso ya nyumba hii ni nyekundu, kali. Siku ya kumi tangu aolewe, Chizuru alishindwa tena kumaliza bakuli lake la supu. Mama mkwe alilitoa kopo la miso nyeupe ya kwao Chizuru, ambalo Chizuru alikuwa amelificha nyuma ya gunia la mchele, akachota, akachanganya sufuriani.

“Mama, utaharibu supu ya nyumba!”

“Unadhani gunia hilo silifungui? Kunywa, mwanangu. Miaka arobaini nakunywa miso ya mama mkwe wangu. Hata mimi nilikuwa na kwetu.”